Hiba, Siri na Mfarakano: Fedha za Wafadhili katika Mrengo wa Kushoto wa Kenya

Iwapo kundi linalopigania usawa laweza kupokea mali ya mtu asiyewajibika kwake, na bado likabaki mikononi mwa wanachama wake, ni suala la dini na la falsafa kabla halijawa la siasa. Kisiwa cha Mombasa kimelijibu kwa njia mbili zinazokinzana: upande wa mashariki kwa wakfu za Mji wa Kale, na upande wa magharibi kwa vyama vya wafanyakazi wa bandari ya Kilindini.

Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, mrengo wa kushoto, yaani wale waliotaka ardhi na njia kuu za uchumi zirejeshwe kwa umma na kugawanywa upya kwa ajili ya maskini, ulikuwa ndani ya chama tawala cha KANU chenyewe, ukiongozwa na Makamu wa Rais, Jaramogi Oginga Odinga, na ukikabiliana na kundi la Katibu Mkuu wa chama hicho, Tom Mboya. Odinga alipata misaada ya Umoja wa Kisovieti na Uchina, na kwa fedha za Kisovieti ilijengwa Taasisi ya Lumumba, chuo cha makada kilichofunguliwa Desemba 1964; Mboya na Shirikisho la Wafanyakazi la Kenya, KFL, nao walisaidiwa na vyama vya wafanyakazi vya Marekani na Ulaya Magharibi. Aprili 1965 meli ya Kisovieti iitwayo Fizik Lebedev ilitia nanga Mombasa ikiwa na shehena ya silaha, ambazo Rais Kenyatta alikataa kuzipokea. Miezi minne baadaye, Agosti 1965, wafuasi wa KFL na wale wa shirikisho pinzani la KAWC, lililoungwa mkono na viongozi wa mrengo wa kushoto akiwemo Dennis Akumu wa chama cha makuli wa bandari, walipigana mjini Mombasa hata watu wakauawa.

Wepesi wa kusema kwamba fedha za kigeni ndizo zilizoua umoja wa wafanyakazi hautoshi. Makuli wa Mombasa walikuwa na sababu zao za kutofautiana, kuhusu mishahara, kuhusu ajira za kutwa na kuhusu nani aseme kwa niaba yao, na tofauti hizo zingekuwepo hata kama hakuna shilingi iliyovuka bahari. Fedha zilivuruga kitu kingine, nacho ni uwezo wa wanachama kusikilizana. Pindi ijulikanapo kwamba kiongozi hupokea, lakini haijulikani kiasi gani, kutoka kwa nani wala kwa sharti gani, kila hoja yake hupimwa kwa mfuko wake badala ya kupimwa kwa ukweli wake, na mpinzani hahitaji tena kumjibu, kwa maana yatosha kumwita kibaraka. Odinga aliitwa kibaraka wa Mashariki, Mboya wa Magharibi, na mjadala mzito kuhusu Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965, uliodai kueleza ujamaa wa Kiafrika, ukafifia katikati ya tuhuma hizo.

Ugomvi wa namna hii kuhusu fedha za mtoaji haukuanzia Afrika. Nikolai Schmidt, kijana mwenye kiwanda cha samani mjini Moscow, alifia gerezani mwaka 1907, na Wabolsheviki, kundi moja la wanamapinduzi wa chama cha kisoshalisti cha Urusi, wakadai kuwa aliutaka urithi wake uwe wao. Wamensheviki, kundi pinzani ndani ya chama hicho hicho, wakapinga, na ugomvi ukapelekwa mbele ya wanasoshalisti watatu wa chama cha Ujerumani, Kautsky, Mehring na Zetkin, wazishike fedha kama wadhamini, nao wakachoka wakajitoa. Wanamapinduzi hao waliokubaliana kuhusu hatima ya ubepari walishindwa kukubaliana kuhusu mali ya marehemu mmoja, kwa kuwa nia ya mtoaji haikuwa imewekwa wazi mbele ya wote.

Fiqhi ya Kishafii, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi katika pwani ya Waswahili, imelifikiria suala hili kwa makini ya kustaajabisha. Hiba, yaani utoaji wa mali bila malipo, hukamilika kwa tamko la mtoaji, kukubali kwa mpokeaji na kukabidhiwa kwa mali yenyewe. Lakini al-Ghazali, katika kitabu cha halali na haramu ndani ya Ihya, anatazama zaidi ya ukamilifu huo anapojadili mali ya watawala, kwa kuwa anaona kwamba mpokeaji huvutwa polepole kwenye kusifu, kutumikia na kunyamazia dhuluma. Wakfu huenda hatua moja mbele zaidi. Mwenye kuwakifu nyumba au shamba kwa ajili ya msikiti au wasafiri huondokewa na umiliki, ambao huhesabiwa kuwa wa Mwenyezi Mungu. Masharti yake hutamkwa mbele ya mashahidi, na msimamizi huwajibika kwa wanaonufaika. Tajiri haambiwi asitoe, bali mkono wake huondolewa kwenye alichokitoa. Hata hivyo wakfu nao haukuachwa huru, kwani tangu 1900 serikali ya kikoloni iliziweka wakfu za pwani chini ya tume yake.

Ipo hoja ya upande wa pili ambayo lazima iheshimiwe. Kuli wa ujira wa kutwa hawezi kugharimia mapambano dhidi ya kampuni za meli kwa ada yake peke yake, na kumtaka akatae msaada wote ni kumtaka ashindwe kwa usafi. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo sababu sharti la haki haliwezi kuwa kukataa wafadhili. Linapaswa kuwa haki ya mwanachama kujua kilichopokelewa, pamoja na uwezo wake wa kukirudisha bila kuomba ruhusa ya kiongozi.

Serikali ya Kenyatta haikuchagua njia hiyo. Baada ya mauaji ya Mombasa ilifuta usajili wa mashirikisho yote mawili, ikaunda shirikisho moja jipya, COTU, Septemba 1965, ikakata uhusiano wa vyama na mashirikisho ya nje, na ikampa Rais mamlaka ya kumteua Katibu Mkuu wake kutoka miongoni mwa waliopendekezwa na wafanyakazi. Mfadhili wa mbali aliondolewa, na mahali pake akakaa mwenye nguvu wa karibu, asiyeweza kukataliwa wala kurudishiwa chake. Odinga alijiuzulu Aprili 1966 baada ya mkutano wa KANU huko Limuru kumpokonya nafasi yake katika chama, akaongoza chama kipya cha upinzani, KPU, na tuhuma ya fedha za kigeni ikamfuata huko hadi chama hicho kilipopigwa marufuku Oktoba 1969.