Nyumba ya Kwihara na Majina Yake

Katika makanisa mengi ya vijiji vya Uingereza huwapo ubao ukutani wenye majina ya makasisi wote waliokihudumia kijiji, karne baada ya karne. Sakafuni wamelala mabwana waliotoa fedha ya mnara na ya vioo. Waashi hawamo. Wao waliacha alama ndogo za patasi juu ya mawe, kila fundi na yake, na leo hapana awezaye kuisoma alama ile akasema: huyu ni fulani mwana wa fulani.

Jengo basi ni la nani? Swali hilo halina haja ya kuvuka bahari. Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora, ipo nyumba ya udongo iitwayo Tembe ya Livingstone, nayo sasa ni makumbusho. Kuta zake nene na paa lake la bapa, magogo kisha fito kisha udongo ulioshindiliwa, ni ujenzi wa bara. Baraza ya mbele, ua wa ndani na mlango wa nakshi ni pwani iliyokwenda kwa miguu muda wa miezi mitatu hata ikafika Unyanyembe. Waarabu wa misafara ndio waliokaa nyumba za namna hiyo, kwa mali ya pembe na ya watumwa. Udongo nao si jiwe: mvua huuosha, mchwa huula, na asiyekandika upya hubaki na kichuguu. Asemaye kwamba huu ni ukuta uleule, asema kama asemaye kuwa mto ni uleule.

Stanley aliingia Kwihara mwezi wa Juni 1871, akapokewa na liwali Said bin Salim. Mirambo alipoichoma Tabora mwezi wa Agosti, mgeni yule alitoboa ukutani matundu ya bunduki. Tarehe 18 Februari 1872 alirudi pamoja na Livingstone. Machi akashika njia ya pwani, na mzee akabaki kungoja wapagazi hadi tarehe 25 Agosti. Kwa miezi sita hiyo nyumba ikapata jina. Wapo waonao unafiki kwa adui wa biashara ya watumwa kulala chini ya paa la misafara. Si insafu. Msafiri mgonjwa hulala penye paa, na ukarimu wa mwenyeji haugeuki kuwa dhambi ya mgeni.

Lakini jambo kubwa kuliko yote lililopata kutukia Kwihara halikuwa la Livingstone aliye hai. Mwezi wa Oktoba 1873 Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao walifika na maiti yake, iliyokaushwa kwa chumvi na jua, wakamkuta Luteni Cameron wa jeshi la majini la Uingereza. Cameron aliona bora maiti izikwe papo hapo, kwani njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Rai hiyo haikuwa ya kipumbavu. Wao wakakataa. Cameron akachukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya marehemu, maiti hakupewa.

Walikataa kwa haki gani? Aliyewaajiri alikuwa amekufa, na mkataba hufa na mwenyewe. Hawakuwa jamaa zake, wala hapana serikali iliyowatuma. Walichokuwa nacho ni mabega tu, na miezi ya mzigo. Hiyo yatosha kuwa haki, na pengine ndiyo haki ya asili kuliko hati yoyote: aliyebeba ana neno.

Ila haki hiyo nayo ina kivuli chake. Mbele, Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Wapagazi wakafunga mtumba wa mabua wenye umbo la maiti, wakaufanya kana kwamba wanaurudisha Unyanyembe kuuzika, kisha wakayatawanya mabua porini. Maiti yenyewe ikafungwa kama mtumba wa nguo na kuendelea. Wenyeji wale walikuwa na neno lao juu ya ardhi yao, nao walidanganywa. Ni vigumu kuwalaumu wapagazi; ni vigumu vilevile kusema kwamba wenyeji hawakudhulumiwa.

Bagamoyo walifika Februari 1874. Tarehe 18 Aprili maiti ikazikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey, Wainwright akiwa miongoni mwa waliolisindikiza jeneza. Chuma na Susi walifika Uingereza maziko yamekwisha. Jiwe la kaburi lasema kwamba marehemu aliletwa kwa mikono amini, kwa bara na bahari. Mikono hiyo haikutajwa majina.

Mti wa Chitambo ulifanya vingine. Wainwright, aliyesoma sala moyo ulipozikwa chini yake, ndiye aliyechonga: jina la Livingstone, tarehe, na pamoja nayo Yazuza, Mniasere, Uchopere. Lake mwenyewe hakulichonga.