Je, Ni Huruma Kumketisha Mwenye Kukosa Pumzi?

Neno “huruma” lasikika sana katika nyumba yenye mgonjwa, wala hatulilaumu. Walakini twataka kuuliza swali moja. Mtu mwenye ugonjwa sugu wa mapafu akitweta kwa kupanda ngazi, je, ni huruma kumwambia, “Keti, mama, tutafanya sisi”? Wengi watajibu upesi ya kuwa ndiyo. Sisi twaona jibu hilo lataka kupimwa kwanza.

Ugonjwa huo una njia nyingi za kuingia. Wako waliovuta tumbako. Wako waliopona kifua kikuu, vijidudu vimekwisha, lakini mapafu yamebaki na makovu. Wako pia waliopikia kuni na mkaa tangu utoto. Hapa Dar es Salaam twakumbuka soko la samaki la Feri, Kivukoni, mahali ambapo watu wengi wamekaanga samaki kwa kuni miaka na miaka, wakisimama mbele ya makarai ya mafuta, moshi ukiwaingia machoni na kifuani. Tuseme mmoja wao, mama wa makamo, tena hodari, apatwa na ugonjwa huo. Kwanza hushindwa kubeba ndoo. Kisha hushindwa kwenda Kariakoo kununua unga. Hata mwisho safari yake yaishia mlangoni pake. Watoto wake wampenda. Humletea maji, humletea chakula, humkataza hata kufagia. Na kadiri wamtunzavyo hivyo, ndivyo azidivyo kutweta.

Kwa nini? Mapafu yaliyoharibika hayaponi kwa mazoezi. Na tuliseme hilo waziwazi, asije mtu akauza tumaini la uongo. Lakini miguu isiyotumika hudhoofika, na mwili uliolegea huhitaji hewa nyingi zaidi kwa kazi ile ile ndogo. Basi mgonjwa hukaa kwa kuwa akosa pumzi, naye hukosa pumzi zaidi kwa kuwa amekaa. Upendo wa watoto huingia katika duara hilo na kulizungusha.

Tusiwacheke watoto hao, maana madaktari wenyewe walifundisha vivyo hivyo. Robert Koch, aliyefanya kazi mjini hapa mwaka 1897 na 1898, alikuwa ametangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882. Lakini dawa ya kukiua haikupatikana hata miaka 60 na zaidi kupita, na kwa muda huo wote wagonjwa walilazwa vitandani miezi na miaka, wakaambiwa ya kuwa kupumzika ndiko dawa. Mwaka 1952 daktari Alvan Barach wa New York aliandika ya kuwa wagonjwa wa mapafu waliotembezwa kidogo kidogo waliweza baadaye kwenda mbali zaidi. Mwaka 1959 ikatangazwa kutoka Madras, Uhindi, ya kuwa wagonjwa wa kifua kikuu waliomeza dawa wakiwa nyumbani mwao walipona karibu sawasawa na wale waliolazwa. Kitanda kilikuwa kimesifiwa kupita haki yake.

Karibu nasi zaidi, huko Kampala, wagonjwa 34 ambao kifua kikuu kilikuwa kimewaachia mapafu mabovu walianza mazoezi ya majuma 6, na 29 wakafika mwisho. Habari zao zilitangazwa mwaka 2017: walitembea mbali kuliko mwanzo. Wala kazi yenyewe haina fumbo. Daktari humpima mgonjwa kwanza, maana mwenye kifua kikuu kisichotibiwa sharti ameze dawa, na mwenye moyo mbovu ana hesabu yake. Huambiwa atembee dakika 6 mahali tambarare, na mita zake huandikwa. Kisha, mara mbili au tatu kila juma, hutembea, huinuka kitini na kuketi, hupanda kidato na kushuka, huinua chupa zilizojazwa maji. Hufundishwa kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu apozaye uji.

Hapa ndipo swali letu linapouma. Mwalimu wa mazoezi hayo humtwetesha mgonjwa kwa makusudi. Ana haki gani? Kukosa pumzi ni jambo la kutisha. Alijuaye ni yule aliyelipata. Sisi twasema haki hiyo hawezi kuitwaa mwenyewe. Hupewa na mgonjwa, baada ya kuelezwa yote, naye aweza kuirudisha wakati wo wote. Akihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, kazi husimama palepale. Lakini vilevile watoto wake hawana haki ya kukataa kwa niaba yake. Hao hawajamwuliza kamwe kama ataka kuketi.

Tena tuseme neno ambalo halipendezi. Kumletea mama ndoo ya maji huchukua dakika chache. Kwenda naye bombani, akisimama kila hatua kumi, huchukua nusu saa, na majirani wakitazama. Twashuku ya kuwa si kila “keti, mama” hutoka katika huruma. Nyingine hutoka katika haraka.

Limebaki moja, nalo latusumbua kuliko yote. Mama yule akipata nguvu, pengine atarudi karaini, kwa kuwa ndiko alikokuwa akipata ada ya shule. Miguu itakuwa imara, na kama kuni ndizo zilezile, moshi nao utakuwa uleule. Wako watakaosema ya kuwa mazoezi ya namna hiyo humrudisha mtu kuumizwa upya. Hatukubali kwamba kwa sababu hiyo aachwe mlangoni. Lakini nasi tununuao samaki wale, tukipatana bei hata senti ya mwisho, twajua jiko lisilo na moshi hugharimu fedha, na fedha hiyo hatujaambiwa bado nani ailipe.