Hiari Baina ya Heri Mbili

Aghalabu hudhaniwa kwamba mwanadamu hutaabika anapokosa, na kwamba akipewa zaidi ya haja yake hustarehe. Walakini mtazame kijana aliyekubaliwa na vyuo vikuu viwili kwa msimu mmoja, uone namna neema inavyoweza kumkosesha usingizi mwenyewe kuliko dhiki. Aliyekataliwa huhuzunika, kisha sabri ikamliwaza. Huyu wa pili hana wa kumlaumu wala la kulilia, ila moyo wake umekwama baina ya heri mbili, akihofu kwamba moja kati yake ndiyo haki na nyingine ni upotevu.

Tuseme kijana wa Tanga ameitwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961, na pia na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kule Morogoro. Wajibu wa kwanza ni wa akili: apime masomo yenyewe, ada na mkopo, walimu, na hali ya wazazi atakaowaacha, tena awatake shauri waliomtangulia. Mizani ikielemea upande mmoja, na aufuate bila ya kujisumbua. Mushkeli huja pale ambapo, baada ya hesabu zote, mizani imesimama sawa.

Hapo ndipo panapotufaa kumsikiliza Imamu Ghazali, aliyefariki Tus mwaka 1111. Katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, Tahafut al-Falasifa, alimtaja mtu mwenye hamu ya tende, aliyewekewa mbili zisizopitana kwa uzuri wala kwa ukaribu, naye hawezi kuzitwaa zote. Akasema kuwa mtu huyo hapana budi atatwaa moja, kwani irada ni sifa ambayo shani yake ni kupambanua kitu na mfano wake. Ibn Rushd wa Kordoba alimjibu baadaye katika karne ya 12 kwamba mtu yule hakuipendelea tende hii kuliko ile, bali alipendelea kula kuliko kutokula. Jawabu hilo lina faraja kubwa kwa kijana wetu: alichokichagua hasa ni elimu badala ya ujinga, na elimu ataipata kokote aendako. Hata vyuo vyenyewe vina asili moja, maana hicho cha Morogoro kilikuwa kitivo cha Dar es Salaam mpaka kilipojitenga mwaka 1984.

Walakini liko jambo ambalo mfano wa tende hauwezi kulibeba. Tende humalizika kinywani, na mlaji akabaki yule yule; ama chuo humfinyanga aliyeingia, kikampa marafiki, mazoea na hata kipimo chenyewe atakachotumia kuyapima maisha yake. Kwa hiyo anayesema, baada ya miaka, laiti ningalikwenda kule, hana insafu: analinganisha siku alizoziishi, zenye joto, madeni na mitihani iliyomshinda, na siku za dhana zisizokuwa na taabu yoyote. Wala hakuna jawabu lililofichwa mahali, ambalo angalilijua kama angalitafuta zaidi. Wema wa njia aliyoichagua bado haujakamilika, na sehemu yake itatimizwa na juhudi yake mwenyewe.

Waislamu wamefundishwa, kwa hadithi iliyopokewa na Jabir bin Abdillah, kusali rakaa mbili za istikhara wanapokusudia jambo. Wako wanaoisali kisha wakalala wakingojea ndoto iwaamulie, kana kwamba dua imewaondolea mzigo wa kuamua. Lakini dua ile yamwomba Mwenyezi Mungu aikadirie heri popote ilipo, kisha amridhishe mja kwayo; na hayo ya kuridhika ndiyo tunayoyasahau. Mja huazimia, hutenda, kisha huomba moyo wake usibaki nyuma kwenye mlango alioupita.

Tena kuna haki ya mtu wa tatu. Tume ya Vyuo Vikuu humtaka aliyekubaliwa na vyuo zaidi ya kimoja athibitishe kimoja tu kwa muda uliowekwa, na sharti hilo lina uadilifu ndani yake: nafasi anayoizuia kwa kusitasita, mwenziwe ameikosa na anaingoja. Mshika mawili moja humponyoka, walivyosema wazee, lakini hapa lililo bora ni kuliachilia lile moja kwa hiari, kabla halijaponyoka. Maadam atakachokiacha kitakuwa riziki ya mwingine, kukiacha si hasara bali ni sadaka, na atakayeingia darasani kwa nia hiyo atakuwa ameanza kusoma kabla ya somo la kwanza.