Msimu Unapogeuka Ubundu

Mwanangu, huku kwetu hakuna majira ya baridi, wala hakuna asubuhi ambayo watu huamka wakasema theluji imeyeyuka. Mji wetu wa Ubundu uko chini ya nusu digrii kusini mwa ikweta. Mchana wetu ni wa saa 12, Januari mpaka Desemba. Mgeni akikaa wiki mbili huondoka akisema mwaka wetu hauna sura, ni joto na mvua basi. Hakosei sana, maana hakuna mwezi ambao mvua hutunyima kabisa.

Lakini mwaka wetu hugeuka, tena mara mbili. Kuna Desemba hadi Februari, na kuna Juni hadi mwanzoni mwa Agosti. Siku hizo mvua hulegea. Vumbi la barabara hukaa juu ya majani ya migomba. Maji ya mto wetu, Lualaba, hushuka, na miamba uliyokuwa umeisahau huonekana tena. Halafu jua, katika safari yake ya kaskazini na kusini, hupita juu ya vichwa vyetu mwezi Machi na tena mwezi Septemba, na mvua kubwa huja pamoja nalo. Hapo vitu huamka. Wiki hizo za kuamka ndizo ninazotaka kukueleza, kwa sababu nakuona unazipita.

Nakuona asubuhi ukitoka mbio kabla hujanywa chai. Simu iko mkononi, jicho liko kwenye simu. Unasema maisha yataanza ukifika Kisangani, au Kinshasa, au mbali zaidi. Sikulaumu. Mji wetu wenyewe umetufundisha hivyo. Hapa ndipo mto mkubwa unapokatika kwa ajili ya meli. Kati yetu na Kisangani kuna maporomoko saba ya Boyoma, na maji yanashuka mita 60 hivi. Meli ya kutoka Kindu haina pa kupita. Ndiyo maana reli ilijengwa kati ya 1903 na 1906, enzi za Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa jasho la Waafrika: kilomita 125 mpaka ng'ambo ya Kisangani, upande wa Lubunga. Mizigo ilishuka melini hapa ikapanda treni, ikashuka treni kule ikapanda meli nyingine ya kwenda Kinshasa. Mji ukawa mahali pa kushuka na kupanda. Mtoto wa Ubundu hulelewa akisikia kwamba hapa ni pa kupitia tu.

Mimi pia nilisikia hivyo, nikaamini. Nilipokuwa na umri wako niliahidiwa kazi Kisangani. Treni haikuwa na siku yake. Kwa hiyo nilikuwa naamkia stesheni, nakaa juu ya sanduku langu, natazama njia. Siku moja ya mwezi Agosti mama yangu, bibi yako, alinipitia pale akiwa na beseni kichwani. Akaniambia, "Mbinzo wameanza kushuka. Twende, nikuonyeshe mti." Nikamwambia, "Mama, treni ikija je?" Hakunibembeleza. Akaenda.

Treni haikuja siku ile. Jioni mama alirudi, beseni limejaa mbinzo, yaani viwavi, nguo imelowa mpaka magotini. Sikumwuliza ni mti gani. Sikuuliza njia ilipita wapi. Nilikula nikanyamaza, akili iko relini. Baadaye kazi niliipata, nikaishi mjini, na viwavi nikawa nawanunua sokoni, wakavu, wanapimwa kwa kopo. Niliporudi nyumbani kukaa, miguu ya mama ilikuwa haimfikishi tena msituni. Alijaribu kunielekeza kwa maneno: pita mto mdogo, acha shamba la zamani kushoto, tafuta mti mnene wenye gome jekundu. Nikaenda. Sikuuona. Mpaka leo, mwanangu, siujui mti wa mama yangu.

Kwa hiyo nikikwambia punguza mwendo, si kwamba nachukia safari. Safiri. Lakini mambo haya yana siku zake, na siku hizo hazirudi mwezi huohuo kwa sababu wewe umepata nafasi.

Chukua kumbikumbi. Hakuna anayejua ni usiku gani watatoka. Mvua nzito ya kwanza ikishanyesha, hewa ikatulia, ardhi ikalainika, ndipo kichuguu hufunguka. Wanatoka kwa maelfu, wenye mabawa, wanatafuta wenzi wa kuanzisha vichuguu vipya. Wanaruka kidogo, wanatua, wanayaangusha mabawa yao. Usiku mmoja, pengine miwili mitatu, kisha hakuna. Ukiwa ndani na mlango umefungwa, unatazama video, asubuhi utakuta mabawa tu yamerundikana kizingitini, na utayafagia.

Ukiwa macho, fanya hivi. Weka taa chini, na beseni la maji pembeni yake. Waite watoto wa jirani, maana kazi hii haifai kufanywa na mtu mmoja. Kumbikumbi watakuja wenyewe kwenye mwanga, wataanguka majini. Weka sufuria kavu motoni, usitie mafuta, wana mafuta yao ya kutosha. Wakianza kunukia, wamimine kwenye ungo, wasugue polepole kwa viganja, kisha pepeta ili mabawa yaliyobaki yaruke. Tia chumvi kidogo. Kula mmoja mmoja, wakiwa bado wa moto, mkiwa mmekaa nje. Mimi nimekula hotelini mara chache katika maisha yangu, mezani pana kitambaa. Sikumbuki nilikula nini. Kumbikumbi wa utoto wangu nawakumbuka, nawakumbuka hata wale niliowagombania na kaka yangu.

Kuna harufu pia. Tone la kwanza likigusa vumbi, udongo hutoa harufu ambayo hata mlevi hukaa wima akaivuta. Wenye elimu wanasema ni vijidudu vya udongoni vinavyoitengeneza, na mvua huitoa nje. Simama mlangoni uivute. Haichukui hata muda wa kuchemsha yai.

Lakini viwavi ndio wenye somo lote. Kila aina ina mti wake. Wale wanaopendwa kuliko wote hula majani ya msapeli, mti mrefu mno, huwezi kuwaona huko juu. Unajua wapo kwa sababu kinyesi chao kinadondoka, tapu tapu, juu ya majani makavu chini ya mti, na mtu asiyejua hudhani ni manyunyu. Mama yangu alikuwa akisimama kimya, ananyoosha kiganja, anaangalia ukubwa wa vile vidonge. Vikiwa vidogo, anarudi nyumbani, bado wanakula. Vikiwa vikubwa, anajua siku zimekaribia. Wakishiba hushuka wenyewe kwenye shina kwenda kujificha wageuke, na hapo ndipo huokotwa. Ukiwahi, utapanda mti bure au utaukata kwa pupa. Ukichelewa, utakuta shina tupu. Hakuna pesa inayowashusha kabla ya siku yao.

Nyumbani husafishwa, huchemshwa kwa maji ya chumvi, wengine hukaushwa juu ya moshi kwa ajili ya miezi ya mbele. Wale wa siku hiyohiyo hutiwa mawese, kitunguu na pilipili, na huliwa na lituma. Na lituma, mwanangu, jifunze kuitwanga mwenyewe: makemba, zile ndizi za kupika, yaliyochemshwa pamoja na muhogo kidogo, yakingali ya moto, mpaka mchi uanze kushika. Mikono itauma. Kaa na watu wakati unatwanga. Mazungumzo mazuri ya nyumba hii yote yametoka kwenye kinu.

Usidhani nakueleza haya kwa sababu siku zetu zilikuwa nyepesi. Nilikuwa Kisangani mwaka 2000, mwezi Juni, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji kwa siku 6. Majeshi ya wageni, katika mitaa yetu. Tulilala chini ya vitanda. Watu wengi walikufa, wengine walizikwa uani kwa sababu makaburini hapakufikika. Mabomu yaliponyamaza, niliona aibu hata ya kucheka. Nilidhani mtu mwenye heshima hana ruhusa tena ya kufurahia kitu.

Mwezi wa Agosti mvua ikarudi. Jirani yetu, mama aliyempoteza mwanawe katika siku zile, alitoka akaweka taa chini, na beseni la maji. Hakusema neno. Watoto wakaja, kwanza wawili, kisha mtaa mzima. Wakapiga kelele, yeye hakuwanyamazisha. Alikaanga akawagawia kwenye vipande vya majani ya migomba, na aliponifikishia mimi fungu langu akasema tu, "Kula, baba, watapoa." Nilikula nikilia. Tangu usiku ule sijamruhusu mtu aniambie kwamba haya ni mambo ya watu wasio na shida. Yule mama alikuwa na shida kuliko sisi sote, na ndiye aliyekumbuka kwamba mvua imerudi.

Na hili si la huku kwetu tu. Dada yako mkubwa yuko Ubelgiji, unajua. Miaka ya kwanza alipokuwa akipiga simu alikuwa analia baridi tu. Giza linaingia mapema, miti mikavu, watu hawasalimiani. Nilimwambia, mwanangu, uliza wenyeji wao husubiri nini. Akauliza. Mwezi Aprili mwenzake wa kazini akampeleka kwenye msitu unaoitwa Hallerbos, si mbali na Brussels. Akaniambia chini ya miti ile mirefu ardhi yote ilikuwa buluu, maua madogo yasiyohesabika. Yanafanya haraka kuchanua, akasema, kwa sababu mwanga unafika chini kabla majani mapya ya miti hayajafunga juu. Majani yakishafunga, yamekwisha. Ni wiki chache tu. Watu wanatoka mijini na watoto, na wazee wanaotembea kwa fimbo, wanaenda kutazama, hawachumi. Nikamwambia, maua hayo ndiyo mbinzo wao. Akacheka sana. Sasa kila mwaka ananitumia picha ya maua yale, nami namtumia picha ya beseni langu, na hatuhitaji kuandika maneno mengi.

Wewe ulizaliwa kwenye haraka, na haraka ina kazi yake. Vijana wanaosukuma baiskeli zenye mizigo kutoka hapa mpaka Kisangani wana haraka ya kulisha watoto, nami nawavulia kofia. Lakini hata wao, nimewaona, mvua ya kwanza ikiwakuta njiani hulaza baiskeli, huvua shati, na husimama katikati ya barabara uso juu. Dakika chache. Kisha wanasukuma tena.

Kuna jambo moja linalonikosesha usingizi, na wewe una mkono ndani yake zaidi yangu. Msapeli ule ule wanaoshukia viwavi ndio unaotafutwa na wenye misumeno ya mashine. Mbao zake ni nzuri, nyekundu. Kule Ulaya hutengeneza milango, madirisha, hata magitaa. Mnunuzi hufika kijijini na pesa taslimu, na mara nyingi anayetumwa kumwonyesha mti ni kijana, kwa sababu kijana ana miguu na ana haja. Mti unaanguka mchana mmoja. Wa kuchukua nafasi yake hutauona ukiwa mkubwa, na pengine hata mwanao hatauona. Pesa ile huisha kabla ya Krismasi. Nimeona familia zilizouza, na Agosti iliyofuata wanawake wa nyumba hizo wanakwenda sokoni kununua kwa kopo kile walichokuwa wanaokota bure nyuma ya shamba.

Sina nguvu ya kukuzuia, na najua njaa si maneno. Nakuomba hili tu. Mvua zikianza mwaka huu, kabla hujamwonyesha mtu yeyote mti wowote, tafuta mama mmoja hapa kwetu ambaye bado anakwenda msituni, umbebee beseni. Nenda naye hata kama siku hiyo hamtapata kitu. Akusimulie kila mti unaitwaje, na ni nani huokota chini yake tangu zamani. Yaandike kwenye simu yako majina hayo, na njia, na kijito cha kuvuka. Kisha mnunuzi akija, mpeleke kwanza kwa yule mama.