MZEE, KAA NA WATOTO UJIFUNZE

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, nawausia nyinyi na nafsi yangu kumcha Mungu. Leo tunasema na wakubwa wa msikiti huu, wababa na wamama. Kila jioni watoto wanakaa mkekani na mbao zao, wanasoma alifu, be, te. Mzee anapita, anawaangalia, anaenda zake. Ukimuuliza anajibu: "Mimi wakati wangu umepita." Nani amekuambia umepita? Masahaba wengi waliingia katika dini wakiwa watu wazima wenye ndevu, na hapo ndipo walipoanza kujifunza. Nabii Musa (a.s.), pamoja na utume wake, alifunga safari ya kuchosha kumtafuta mtu wa kumfundisha, kisa kiko katika Sura Al-Kahf. Na Mtume wetu aliamriwa amwombe Mola wake amzidishie elimu (Twaha, aya ya 114).

Kenya kulikuwa na mzee Kimani Maruge. Serikali iliondoa malipo ya shule za msingi mwaka 2003, na mwaka 2004 yeye akaingia darasa la kwanza huko Eldoret. Kwa hesabu yake alikuwa na miaka 84. Alivaa kaptula na soksi ndefu kama wenzake wadogo, na wajukuu wake wawili walikuwa madarasa ya mbele yake. Hakuwa wa dini yetu, lakini tuangalie alichotaka: kukisoma mwenyewe kitabu cha dini yake, asiwe wa kusomewa tu. Sisi je? Tumefunga Ramadhani ngapi tukisikia Qurani inasomwa, na herufi zake hatuzijui? Mwanzoni mwa 2008 fujo za baada ya uchaguzi zikamnyang'anya mali yake, akaishi kambini. Kutoka huko kambini akaendelea kwenda darasani. Alifariki Agosti 2009, shule ya msingi hajaimaliza.

Watu wa Masisi, kambi hatuhitaji kuelezwa. Tumekimbia na magodoro kichwani, maharage tumeyaacha shambani, ng'ombe na mbuzi wamechukuliwa. Herufi aliyoijua mtu, hakuna aliyemnyang'anya njiani.

Mwingine anaogopa kwa sababu ulimi wake ni mzito. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, anayesoma Qurani kwa kubabaika na kutaabika ana thawabu mbili. Mbili! Watoto watacheka siku tatu, kisha watachoka kucheka.

Basi, Jumamosi na Jumapili baada ya Alasiri, kabla ya giza, kuna somo la wakubwa hapa msikitini. Wamama watakaa upande wao. Hakuna malipo. Asiye na ubao aje na daftari. Tutaanza na alifu.

Wabillahi tawfiq.