Maji ya Juu na Jirani wa Chini

Sisi tuliozaliwa pwani, kiwanja kwetu ni mkeka: unapima, unachimba msingi, unajenga. Ukifika Tarime mambo hubadilika. Ile ni nchi ya vilima, na mvua zake si haba.

Mwanafunzi wangu wa zamani alipata kiwanja huko, mahali penye mteremko, akaniita tukae pamoja na msanifu majengo. Msanifu alipokwisha kupima alishauri nyumba iufuate mteremko: sebule chini, vyumba juu, na ngazi chache baina yake. Kuukata mlima hata uwe sawa, alisema, ni kuchimba juu na kujaza chini. Na udongo wa kujaza usiposhindiliwa vyema hutitia, kuta zikapasuka. Ukuta wa kuuzuia mlima nao sharti uachiwe matundu, maana maji yakikosa pa kutokea huusukuma mpaka ukaanguka.

Mwenye nyumba akayakubali yote, ila mtaro. Msanifu aliuchora uzunguke kiwanja mpaka barabarani. Yeye akaona ni gharama bure; maji yatashuka yenyewe. Na chini yake pana nyumba ya udongo ya mama mjane.

"Ardhi ni yangu," akasema, "na mvua ni ya Mungu."

Je, wewe ungemjibu nini? Ardhi, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ni ya umma, Rais ameishika kwa amana; yeye ana haki ya kuitumia tu. Mvua kweli ni ya Mungu. Lakini Mungu huishusha matone matone, nyasi zikainywa. Paa la bati na ua wa saruji ndivyo vitakavyoikusanya iwe mkondo mmoja, na hivyo si kazi ya mvua.

Nikamkumbusha Zubeir bin Awwam (R.A.) na Answari mmoja, walipogombania maji ya mifereji ya Harra kule Madina. Shamba la Zubeir lilikuwa juu. Mtume (S.A.W.) kwanza alimwamuru anyweshe, kisha amwachilie jirani yake. Pale maji yalikuwa neema. Basi ikiwa wa juu ana wajibu wa kumfikishia wa chini maji ya kheri, ataipata wapi ruhusa ya kummiminia ya shari?

Akasema fedha hazitoshi. Hilo sikulikadhibisha, lakini upungufu wa fedha zake si deni la yule mama.

Tukairejea ramani. Msanifu akafuta baraza ya mbele, mtaro ukabaki. Nami, mtu wa pwani, nakiri kuwa baraza ile iliniuma.