Ramadhani, Siku ya 17: Nilimwambia Bibi Kumeadhiniwa

Leo nawaletea swali ambalo sikulipata kitabuni, limenikuta nyumbani.

Bibi aliyenilea alifariki akikaribia miaka 90. Mwaka wa Uhuru, 1961, alikuwa keshazaa watoto watatu. Kwa vitumbua na mikeka ya ukili alitusomesha, chuoni na shuleni. Ukisema uongo kwake, fimbo haikutosha: unakwenda kwa uliyemdanganya, unamwomba radhi. Mimi akiniita "mume wangu", si mnajua utani wa mabibi zetu.

Ramadhani yake ya mwisho daktari alimkataza kufunga, sukari ilikuwa ikimshuka. Na akili yake ilikuwa inakuja na kuondoka. Asubuhi anakujua, mchana anakuuliza we mtoto wa nani. Ila funga haikumtoka. Ukimpelekea uji, "Nimefunga." Basi siku ya pili tu, mimi imamu wa watu, nikaingia chumbani saa saba mchana, nikafunga dirisha, nikamwambia, "Bibi, kumeadhiniwa, futuru." Na kweli kumeadhiniwa, adhuhuri! Nikajiona mjanja. Akanywa, akashukuru, nikatoka nadhani nimechuma thawabu.

Nikaendelea hivyo siku nne. Siku ya tano nikamkuta kibarazani. Nikamletea bakuli na maneno yale yale. Akatazama chini, kivuli chake kimejikunja miguuni. Mtu aliyejua nyakati za swala kwa kivuli kabla nyumba yetu haijawa na saa! Akasema, "Mume wangu, ungeniambia tu."

Wewe ungesemaje? Najua wengi mtanitetea: mgonjwa, nia njema. Hata mimi nilijitetea. Nikaikumbuka hadithi ya Ummu Kulthum bint Uqba (r.a.), inayotaja mahali patatu: vita, kusuluhisha watu, na baina ya mume na mke. Nikajaribu kumwingiza bibi humo, hakuingia (utani wa "mume wangu" haukunisaidia). Imamu Ghazali anafungua mlango zaidi, lakini anasema lengo jema likiweza kufikiwa kwa ukweli, uongo ni haramu. Na mimi ukweli sikuujaribu hata siku moja. Hapo ndipo panaponichoma. Sikumdanganya kwa kuwa haelewi. Nilimdanganya kwa kuwa kumweleza kunachosha: leo umweleze, kesho kasahau, uanze upya.

Nikakaa chini nikamweleza Suratul Baqara aya ya 184, kwamba asiyeweza hulisha maskini. Akaniuliza, "Siku ngapi?" Nikamwambia. "Basi lete huo uji."

Sitawadanganya kwamba ikawa rahisi. Kila asubuhi nilimweleza upya. Siku nyingine alilia. Siku moja alikataa kabisa, uji ukapoa, tukakaa wawili kimya mpaka alasiri ndipo akanywa. Mchele wa fidia akaupima mwenyewe, kibaba kwa siku, na kazi yangu kuupeleka kwa mjane mtaa wa pili.

Jioni moja, mwishoni mwishoni, akanisimamisha mlangoni. "Kibaba cha leo kimefika, au umenifungia dirisha?"

Kilikuwa bado kwenye kikapu cha baiskeli.

Allah amrehemu bibi yangu na wazee wetu wote waliotangulia. Tukutane kesho, inshaallah.